Ababari wa Kisii na Maumivu Yasiyoonekana

Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii hutumika katika mambo mengi, lakini yafaa zaidi katika habari ya mtu aliyeumia kichwa, akapona machoni pa watu, na nafsini mwake bado hajapona. Mguu ukivunjika, kila apitaye huliona gongo. Jicho likipofuka, hata mtoto mdogo humshika kipofu mkono. Lakini mtu ambaye ubongo wake umetikiswa hutembea njiani kama sisi, hula kama sisi, na akisalimiwa huitika. Ni nani atakayejua kwamba majina ya watu yanampotea, kwamba kelele za soko zinamchoma, na kwamba ikifika saa sita mchana amechoka kama mtu aliyelima ekari nzima?

Katika insha hii tunakusudia kueleza jinsi wanadamu, hasa wa bara letu, walivyoyakabili majeraha ya kichwa tangu zamani, na funzo tunaloweza kulipata. Huenda msomaji akauliza habari ya magonjwa inaingiaje katika kitabu cha utamaduni. Jibu letu ni kwamba utamaduni wa taifa haumo katika ngoma, mashairi na mavazi peke yake. Umo pia katika namna watu wanavyowatendea wale walioumia miongoni mwao. Jamii hupimika hapo, labda kuliko mahali pengine popote.

Maandishi ya kale sana yanayojulikana kuhusu majeraha ya kichwa yametoka Afrika. Ni gombo la mafunjo lililoandikwa nchini Misri yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo. Mmarekani mmoja, Edwin Smith, alilinunua mjini Luxor mwaka 1862, na ndiyo maana gombo hilo hujulikana kwa jina lake. Mtaalamu James Henry Breasted alilifasiri, akaichapisha kazi yake mwaka 1930. Ndani yake mna habari za majeruhi 48, na kati yao 27 ni watu walioumia kichwani. Mwandishi huanza kwa kueleza jeraha, kisha humfundisha tabibu namna ya kulipapasa kwa vidole, na mwisho hutoa hukumu moja kati ya tatu: kwamba jeraha hili latibika, au kwamba tabibu atapambana nalo bila kuwa na hakika, au kwamba haliwezekani.

Miongoni mwa majeruhi hao yumo mtu aliyepasuka mfupa wa panja, naye hawezi kusema. Tuzingatie maana yake. Mtu ameumia panja, na kilichopotea ni maneno. Tabibu yule hakuwa na mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, lakini aliona kwamba jeraha la mahali pamoja laweza kuondoa jambo la mahali pengine, akaliandika ili wanafunzi wake wajue. Tena hata wale aliowahukumu kuwa hawatibiki hakuwaacha nje ya kitabu chake. Aliwatazama na kuwaeleza sawasawa na wenzao.

Sasa tuje karibu na kwetu. Wagusii, ambao wengi tumezoea kuwaita Wakisii, wanakaa katika nyanda za juu za kusini-magharibi ya Kenya, mashariki ya Ziwa Viktoria. Lugha yao ni ya Kibantu, tena ni jamaa ya karibu ya lugha ya Wakuria, ambao mpaka wa nchi zetu mbili umewagawa, wengine wakabaki Kenya na wengine wakawa Tarime na Serengeti. Watu hawa walikuwa na mafundi wa kupasua vichwa tangu kabla ya kuja wakoloni. Fundi mmoja huitwa omobari, na wakiwa wengi huitwa ababari. Elimu yao aghalabu ilirithiwa katika ukoo. Kijana alikaa na mzee wake, akamshikia vyombo, akajifunza dawa za miti na kuutazama mkono wa mkubwa wake kwa miaka, kabla ya kuaminiwa kushika kisu mwenyewe.

Kazi yenyewe ilifanywa nje, kwenye mwangaza wa mchana. Mgonjwa alilazwa, wasaidizi wakamshika, nywele zikanyolewa mahali palipoumia. Omobari aliipasua ngozi ya kichwa mpaka kwenye mfupa, akaifunua, akauchunguza mfupa kwa makini kutafuta ufa. Kisha alianza kukwangua kwa chombo chenye ncha iliyopinda, kidogo kidogo, mpaka sehemu ya mfupa ikaisha na utando unaofunika ubongo ukaonekana. Hapo aliacha. Ababari walijua kwamba utando ule ukitobolewa mgonjwa yumo hatarini kufa, na ustadi wao wote ulikuwa katika kuukaribia bila kuugusa kwa ubaya. Dawa za miti zilitumika kupunguza damu na maumivu, na jeraha likatunzwa mpaka ngozi ikafunga. Usingizi wa hospitali haukuwako, na kazi iliweza kuchukua saa nyingi.

Katika zama za ukoloni ilikuwa desturi ya wengi kuiita kila tiba yetu ushenzi. Hata hivyo, madaktari waliokwenda kutazama kwa macho yao waliandika kwa mshangao. Daktari J. G. Grounds alieleza habari za upasuaji huu katika jarida la tiba la Afrika Mashariki mwaka 1958. Daktari Edward Margetts, Mkanada aliyekuwa mganga wa magonjwa ya akili katika hospitali ya Mathari, Nairobi, katika miaka ya 1950, aliuchunguza kwa muda mrefu, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1967. Picha za eksirei zilionyesha mafuvu ya watu walio hai, wanaotembea na kufanya kazi, yakiwa na matundu ambayo kingo zake zimekwisha kupona.

Lakini jambo linalotupasa kulitazama zaidi si kisu. Ni sababu iliyompeleka mgonjwa kwa fundi. Mtu angedhani kwamba waliokwenda kwa omobari walikuwa wale tu waliotoka vitani au kwenye ugomvi huku fuvu limebonyea. Wapo waliokwenda hivyo. Hata hivyo, sababu kubwa iliyotajwa na wagonjwa ilikuwa maumivu ya kichwa yasiyokoma baada ya pigo la zamani. Jeraha la nje limekwisha kufunga, kovu limefunikwa na nywele, jirani hawaoni kitu, lakini mtu asema kichwa kinamwuma. Wagusii waliliamini neno hilo. Jamaa walikusanyika, wakatafuta malipo, wakampeleka, wakamshika siku ya kupasuliwa, wakamwuguza baadaye. Hawakumwambia kwamba amekwisha kupona. Kwa maoni yetu, huo ndio urithi mkubwa zaidi wa ababari, nao haukuhitaji chuma chochote.

Hatusemi haya ili kujivuna kupita kiasi. Mwandishi wa historia hana ruhusa ya kuwasifu wazee wake kwa mambo ambayo hayakuwa. Upasuaji ule ulikuwa na hatari ya damu na ya jeraha kuoza, na waliokufa hawakuandikwa popote. Tena kukwangua mfupa hakukuutibu ubongo uliotikiswa. Margetts alimwona mtu ambaye alikwisha kupasuliwa mara nyingi sana, hata sehemu kubwa ya utosi wake ikakosa mfupa, ikambidi avae kofia ya kuukinga. Maumivu yalikuwa yakirudi, naye akirudi kwa fundi. Mtu huyo atufundisha kwamba kisu kina mpaka wake. Mwanafunzi asomaye habari hizi asidhani kwamba twamwelekeza huko. Leo aliyeumia kichwa apelekwe hospitali, na apelekwe upesi.

Baada ya kisu, ni nini kinachofuata? Hapa historia ya Wagusii inatuachia pengo, kwa sababu madaktari waliandika habari za matundu, wala hawakuandika maisha ya wenye matundu hayo: walirudi vipi shambani, na walikaa vipi na wake zao na watoto wao. Ili kuona jambo hilo hatuna budi kwenda mbali, mpaka Marekani, kwa mtu mmoja ambaye maisha yake baada ya jeraha yaliandikwa.

Jina lake ni Phineas Gage. Alikuwa kijana wa miaka 25, msimamizi wa kikosi cha wapasua miamba katika ujenzi wa reli karibu na Cavendish, katika jimbo la Vermont. Tarehe 13 Septemba, 1848, alikuwa akishindilia baruti katika tundu la mwamba kwa mtaimbo wa chuma wenye urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo sita. Baruti ikawaka. Mtaimbo uliingia chini ya mfupa wa shavu la kushoto, ukapita nyuma ya jicho, ukatokea utosini na kwenda kuanguka mbali. Dakika chache baadaye Gage alikuwa akisema. Alipelekwa mjini kwa gari la ng'ombe, naye ameketi wima. Daktari kijana, John Harlow, alimwuguza kwa wiki nyingi, akapigana na usaha uliotaka kumwua. Kabla mwaka haujaisha Gage alirudi kwa wazazi wake, akiwa amepoteza jicho moja.

Harlow aliandika kwamba mtu aliyepona hakuwa sawa na yule wa kwanza. Alikuwa mpole na mwenye mipango. Sasa alikuwa mwepesi wa hasira, mwenye matusi, mwenye kuanza jambo na kuliacha. Rafiki zake walimwona kama mtu mwingine, na waajiri wake hawakukubali kumrudisha katika kazi ya usimamizi. Vitabu vingi vinavyomtaja huishia hapo, vikimfanya mfano wa mtu aliyeharibika daima. Lakini habari haikuishia hapo. Gage alifanya kazi katika zizi la farasi huko New Hampshire. Kisha, mwaka 1852, alisafiri mpaka Chile, akawa dereva wa magari ya abiria yavutwayo na farasi. Kazi hiyo yataka mtu aamke mapema, awatunze farasi, ashike hatamu nyingi kwa pamoja, ajue njia, asikilizane na abiria wa lugha ya kigeni. Aliishi huko karibu miaka saba. Daktari aliyemfahamu huko katika miaka ya 1858 na 1859 alieleza kwamba alikuwa na afya njema na hakuona upungufu katika akili yake. Baadaye afya yake ilidhoofika, akaenda kwa mama yake huko California, akaanza kupatwa na kifafa, akafa tarehe 21 Mei, 1860. Alikuwa ameishi zaidi ya miaka 11 baada ya mtaimbo kupita kichwani mwake. Fuvu lake na mtaimbo wenyewe vimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Harvard.

Wataalamu waliochunguza upya maisha hayo, hasa Malcolm Macmillan, wanaona kwamba kazi yenyewe ilikuwa dawa. Kila siku ilikuwa na mpangilio ule ule, hatua zile zile, farasi wale wale wanaotaka kulishwa kwa saa zao. Mpangilio wa nje ulimsaidia mtu ambaye mpangilio wake wa ndani ulikuwa umevurugika. Mpasua miamba hakurudi, lakini alitokea dereva. Wazee wetu wangesema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Elimu ya siku hizi imeyaeleza mambo haya kwa upana. Ubongo ni kitu laini, nao hukaa ndani ya maji kidogo katika sanduku la mfupa. Kichwa kikipigwa au kikisimamishwa ghafla, ubongo hujigonga kwenye kuta za sanduku lake, na nyuzi zake nyembamba huvutika. Kwa hiyo mtu aweza kuumia ubongo bila fuvu kupasuka. Matokeo yake ni mengi: kusahau mambo ya karibuni, kukosa maneno, kuchoka upesi, kuchukia mwanga na kelele, kukosa usingizi, kukasirika kwa jambo dogo. Kupona huenda kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo, kisha hupunguza mwendo, lakini kwaweza kuendelea kwa miaka. Sehemu za ubongo zilizo nzima hujifunza kubeba baadhi ya kazi za zile zilizoumia, na hujifunza kwa mazoezi, kama mtoto ajifunzavyo kuandika: leo herufi moja, kesho neno.

Tukiwa tumefika hapa, yatupasa kusema jambo letu wenyewe, maana si haki kuwahubiria wengine na kujificha. Miaka mingi iliyopita, katika masjala ya ofisi tuliyokuwa tukiitumikia, palikuwa na karani hodari. Aliumia kichwa katika ajali ya gari, akalazwa, na baada ya miezi mitatu akarudi kazini akiwa na kovu dogo tu juu ya sikio. Tulimkaribisha kwa furaha. Baada ya wiki mbili furaha ikaisha. Mafaili yalikwenda pasipo mahali pake. Alikwenda kuchukua barua akasahau njiani ni barua gani. Siku moja alimfokea mkubwa wake mbele ya wageni, kisha akaketi akalia. Sisi tulisema kwamba amekuwa mvivu, na wengine wakasema amekuwa mlevi. Barua ya kumtaka ajieleze ilitungwa kwa mkono wetu, kwa Kiswahili safi kabisa.

Palikuwa na tarishi mzee pale ofisini, ambaye elimu yake haikupita darasa la nne. Huyo hakusema neno. Alinunua daftari la senti chache, akampa karani, akamwambia aandike kila anachotumwa kabla hajainuka kitini. Kila asubuhi alimsomea namba za mafaili kwa sauti, na karani akazitafuta moja moja. Mchana jua lilipokuwa kali, tarishi alimtafutia mahali penye kivuli alaze kichwa kwa nusu saa. Mwaka ulipokwisha, karani alikuwa akiifanya kazi yake, polepole kuliko zamani, bila kupoteza faili. Sisi tuliokuwa tukitunga mashairi ya utu tulishindwa utu na tarishi. Barua ile ilibaki katika faili la yule karani. Hakuna aliyeiondoa, wala sisi hatukuandika ya pili ya kumwomba radhi.

Habari hii si ya zamani tu. Tangu pikipiki za abiria, zile tuziitazo bodaboda, zilipoenea katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki, vijana wengi wanaumia vichwa. Kinga ya kwanza inajulikana. Uchunguzi uliojumlisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba kwa mwendesha pikipiki apatwaye na ajali, helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Helmeti iliyoning'inizwa kwenye usukani haimkingi mtu. Na baada ya pigo, mtu akitapika mara kwa mara, akisinzia kupita kawaida, akipatwa na degedege, au akitokwa na maji au damu masikioni, asiachwe alale nyumbani mpaka asubuhi. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Lakini kinga haimsaidii aliyekwisha kuumia. Huyo atarudi nyumbani, na akiwa mwanafunzi atarudi darasani. Hapo mwalimu ndiye atakayekuwa ama mwandishi wa barua ama tarishi. Mwanafunzi aliyekuwa wa tatu darasani, akaanguka kutoka mwembeni au akagongwa na pikipiki, akarudi akawa wa thelathini, haifai aitwe mvivu kabla hajaulizwa. Mwalimu amweke mbele, mbali na kelele za mlangoni. Ampe maagizo machache kwa wakati, na amwandikie yaliyo muhimu. Ampunguzie kazi mwanzoni, kisha aiongeze kidogo kidogo, maana haba na haba hujaza kibaba. Amwongezee muda katika mitihani ya shule. Asimruhusu kucheza mpira mpaka tabibu aseme amepona, kwa kuwa pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona ni hatari kubwa. Na wanafunzi wenzake wafundishwe kwamba hasira zake za ghafla ni sehemu ya jeraha, kama usaha ulivyo sehemu ya kidonda.

Tumetoka kwenye mafunjo ya Misri, tukapita vilima vya Kisii, tukafika Chile na kurudi masjalani petu. Katika mahali pote hapo tumeona jambo moja. Tabibu huziba jeraha, na kazi yake ni kubwa. Lakini mwenye jeraha hurudishwa katika maisha na wale wanaomwamini asemapo kwamba bado anaumwa, na wanaompa kazi anayoiweza mpaka aweze nyingine. Mgusii wa kale aliyesema kichwa kinamwuma alipata jamaa wa kumsikiliza. Karani wetu alimpata tarishi. Kijana atakayeketi darasani kesho, kovu lake limefichwa na nywele, naye atamtazama mwalimu wake akingoja kujua kama ataaminiwa.